Sorry Tisa za Fergal Tuohy

14 Juni
Redio imetangaza kwamba majira ya mvua yameingia Akita. Mvua yenyewe ilianza juzi, lakini hapa kwetu haihesabiwi mpaka redio iseme.

Daktari wa zahanati amenipa daftari hili. Anataka niandike kila siku nimelala kwa muda wa saa ngapi na nimekula nini. Nimelala kwa muda wa saa nne. Nimekula wali, supu ya miso na figili iliyokaushwa kwa moshi.

15 Juni
Saa nne. Wali. Mvua.

16 Juni
Saa tano. Mama mkwe ameniona nikiandika.

"Unaandika nini?"

"Usingizi, Mama. Daktari kasema."

"Usingizi gani, na wewe mwenyewe hulali? Daktari huyo anataka uandike riwaya."

Ana miaka themanini na minne na masikio yake yanasikia kila kitu. Tangu Tetsuro afariki tunaishi wawili tu, mimi na yeye. Tetsuro alikuwa mume wangu na mwanawe wa pekee. Alianguka kutoka kwenye paa tarehe tisa Februari akiondoa theluji. Watu wa hapa huanguka kila mwaka, gazeti huwahesabu. Mwaka huu alihesabiwa yeye.

Sijalia. Nimeandika kwa sababu daktari aliuliza.

18 Juni
Kazi, ya kwanza tangu Februari. Wakili Nagatsuka wa mjini alipiga simu asubuhi. Nimewahi kumtafsiria mikataba kwa Kijapani. Anaongea upesi kama mtu anayewahi treni.

"Bi Obata, pole sana kwa yaliyokufika. Sasa, nina barua fupi ya Kiingereza."

Barua ni ya Fergal Tuohy, Mwayalandi, mmoja wa mafundi wanaosimamisha mitambo ya upepo kule ufukweni. Alfajiri ya tarehe 19 Mei, akiendesha gari la kazini, alimgonga mzee Mogami Eikichi, aliyekuwa kwenye baiskeli akienda kufungulia maji shamba lake la mpunga. Mzee alifia palepale barabarani. Hakuna mtu hapa asiyejua. Mjane wake, Mogami Tane, anakaa ng'ambo ya reli. Nimekuwa nikisalimiana naye dukani miaka thelathini, na hatujawahi kuvuka salamu.

Wakili anataka barua imfikie mjane kabla ya siku ya arobaini na tisa, siku ambayo marehemu anaagwa kabisa. Itaangukia tarehe 6 Julai. Kwa hiyo hakuna muda.

Ni ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wa mkono. Neno sorry limo mara tisa. Mistari miwili wakili ameikata kwa wino mwekundu ili nisiitafsiri, lakini chini ya wino inasomeka vizuri tu. Inasema: nilitazama chini kwenye ramani, na nilipoinua macho alikuwa mbele yangu. Halafu sorry mbili, moja baada ya nyingine.

Saa tano. Tambi baridi.

19 Juni
Siku nzima kwa neno moja.

Mzungumzaji wa Kiingereza akikukanyaga mguu, sorry. Asiposikia ulichomwambia, sorry. Mama yako akifa, sorry. Akiua mtu, sorry. Neno ni lilelile, na anayelisema halazimiki kuamua kitu. Kijapani hakikupi nafasi hiyo. Kabla hujafungua mdomo ni lazima ujue kama unampa mwenzio pole au unakiri kosa. Ziko pole za msiba, zile tunazoandika kwa wino uliofifishwa kwa maji, kana kwamba machozi yamedondokea ndani. Ziko samahani ndogondogo za mlangoni. Halafu liko moshiwake arimasen, zito kuliko yote. Ukilifumua, maana yake ni "sina la kujitetea".

Bwana Tuohy ameandika: I am sorry about your husband. Ni pole, au ni radhi? Nimeisoma mpaka herufi zikaacha kuwa herufi.

Mchana nikampigia wakili. Nikamweleza kwamba mimi naona ni radhi, na neno linalofaa ni lile zito.

"Bi Obata," akasema, "ukiandika kwamba mteja wangu hana la kujitetea, mimi niliyeajiriwa kumtetea nikauze samaki?"

Akaendelea. Haijulikani bado kama mzee alisimama kwenye mstari kabla ya kuingia barabara kubwa. Polisi wanapima. Mpaka wamalize, barua iwe ya pole peke yake. Pole ya heshima, pole ya kina, lakini pole.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Yeye anasema sorry. Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Sikubishana. Sikuwa na hasira wala kitu kingine. Sorry saba zilizobaki nikazifanya pole saba, kila moja na nguo yake, ili zisionekane zimerudiwa. Ni Kijapani kizuri. Hakuna mahali mtu angejikwaa.

Wakati wa chakula Mama akauliza: "Yule mzungu kaandika nini?"

"Siri ya kazi, Mama."

"Siri! Kijiji kizima kinajua mpaka rangi ya gari, wewe una siri."

21 Juni
Saa nne. Wali. Mvua. Barua imepelekwa.

22 Juni
Saa nne. Nimesahau nimekula nini.

24 Juni
Mama amelalamika kwamba nguo zake zinanuka unyevu. Nimezifua tena. Zimenuka tena.

26 Juni
Wakili amepiga. Mjane ameirudisha barua. Bahasha imefunguliwa, barua imesomwa, ikakunjwa ilivyokuwa, na ndani yake kuna kijikaratasi. Akanisomea kwenye simu, sauti yake safari hii haikukimbia:

"Barua kama hii tumepokea mia moja na kumi na mbili. Zote zimetoka kwa watu ambao hawakumgonga mume wangu. Narudisha hii kwa mwenyewe. Aandike yake."

"Hakupendezwa," akasema wakili.

"Hapana."

"Labda maneno hayakuwa mazito vya kutosha."

"Maneno yalikuwa mazito sana, wakili. Yalikuwa ya watu wengine."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemjibu hivyo mtu aliyenipa kazi. Sikuona fahari. Nilikata simu nikaenda kuosha mchele.

27 Juni
Sikulala. Naandika asubuhi, Mama ameondoka na gari la kituo cha wazee, anakokwenda kila Jumanne na Alhamisi kuoga na kuimba.

Tarehe tisa Februari pia alikuwa huko.

Niliketi hapahapa. Nilikuwa natafsiri mwongozo wa pampu ya maji, ukurasa wa arobaini na moja. Tetsuro alikuwa juu ya paa tangu saa tatu, nikisikia koleo lake likikwangua na theluji ikidondoka uani kama magunia. Ilipokaribia saa tano akaita kutoka juu, karibu na dirisha langu.

"Shinobu! Njoo unishikie ngazi, nateremka."

Nikasema: "Ngoja, namaliza ukurasa."

Akasema: "Sawa."

Akangoja. Hilo ndilo ninalolijua na hakuna mwingine anayelijua. Alingoja, kwa sababu nilimsikia akipiga mluzi. Ukurasa ulikuwa umebakiza mistari sita. Kwenye mistari hiyo kulikuwa na neno moja lililonisumbua, nikafungua kamusi. Mluzi ukakoma. Sikuinua macho. Nilipopata neno nililoridhika nalo, nikavaa buti nikatoka, na ngazi ilikuwa imelala chini, na yeye pia.

Watu walikuja wakasema pole. Polisi walisema pole. Kasisi wa hekaluni alisema pole. Nikawashukuru wote. Mama alirudi kutoka kituoni nywele zake zikiwa bado na unyevu wa bafu, akaniuliza ilikuwaje, nikamwambia: "Ngazi iliteleza." Ni kweli, iliteleza.

Miezi karibu mitano nakaa naye mezani.

Nimeandika haya yote, na bado sijalia. Daktari angetaka kujua.

28 Juni
Saa tatu. Wali.

30 Juni
Fergal Tuohy amekuja mwenyewe.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nikafungua mlango, na mlango wote ukajaa mtu. Hana leseni tena, ametembea kilomita sita kwenye mvua. Jina langu amelipata chini ya tafsiri. Anakaribia miaka thelathini na tano, ana uso wa mtu aliyeamshwa.

Mama akachungulia kutoka nyuma yangu. "Huyo ndiye? Mwambie avue viatu, nivijaze magazeti vikauke. Na ainamishe kichwa, asije kuvunja mlango."

Nikatafsiri. Akainama, akajigonga hata hivyo.

Mama akamletea chai na figili ya moshi, akaketi pembeni kushona. Haelewi hata neno moja la Kiingereza, lakini hakutaka kukosa.

"Barua imerudishwa," akasema Bwana Tuohy. "Wakili ananiambia tungoje. Nimekuja kukuuliza. Ulinifanya niseme nini?"

"Nilikufanya useme pole kwa msiba."

"Na mimi nilikuwa nimesema nini?"

"Ulisema sorry."

"Ndiyo."

"Ulimaanisha ipi? Ulikuwa unampa pole, au ulikuwa unaomba radhi?"

Nje maji yalikuwa yanajaa kwenye mfereji wa shamba la jirani.

"Sijui," akasema. "Kwetu hakuna anayekuuliza hivyo. Unalisema tu, na aliyepo mbele yako analijua." Kisha akasema: "Ile mistari aliyoikata, uliisoma?"

"Niliisoma."

"Basi unajua."

Akaniambia kwamba msimamizi wa ujenzi, mwenyeji wa hapa, amemwombea kwa mjane, na mjane amekubali kuonana naye tarehe nne. Wakili naye atakuja, hakubali vinginevyo. Akaniomba niende niwe mkalimani.

"Mimi si mkalimani," nikamwambia. "Mimi hufanya kazi na karatasi. Kwenye karatasi mtu ana muda."

"Tafadhali."

Mama, bila kuinua uso kwenye sindano: "Anaomba nini?"

"Anataka niende naye kwa Mogami."

"Si uende? Unakaa hapa unahesabu usingizi."

Alipoondoka, viatu vyake vilikuwa vimekauka nusu. Mama alimpa mwavuli wa Tetsuro. Nilimwona akiutoa kwenye kishikio, nikamwacha.

1 Julai
Saa nne. Mvua kubwa. Treni za pwani zimesimama.

2 Julai
Saa nne. Mvua.

3 Julai
Wakili amenitumia kwa barua pepe maneno ambayo Bwana Tuohy atayasema kesho, yakiwa tayari kwa lugha zote mbili. Yote ni pole. Ameongeza maelekezo: apige magoti, paji la uso liguse mkeka, akae hivyo mpaka aambiwe ainuke.

4 Julai
Nimerudi sasa hivi. Saa kumi jioni. Naandika kabla haijapotea.

Tulikuwa watatu mlangoni, wakili, Bwana Tuohy na mimi. Aliyefungua ni Chizuru, binti wa marehemu, anayefanya kazi ya uuguzi Sendai. Akamtazama wakili na mkoba wake.

"Mtu anakuja kwetu na wakili," akasema, "kama anavyokuja na mwavuli."

Wakili akainama. Bwana Tuohy, aliyeona tu kwamba amesemwa, akasema: "Sorry."

Sikufikiri. Nikasema ile samahani ya mlangoni, ya mtu anayeingiza tope kwenye nyumba ya wenyewe. Chizuru akasogea kando, tukaingia.

Chumbani sanduku la mifupa, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, lilikuwa bado mbele ya madhabahu, limefungwa kitambaa cheupe, pamoja na picha ya mzee akiwa na kofia ya shambani. Bi Mogami Tane aliketi pembeni ya picha. Ni mdogo kuliko ninavyomkumbuka dukani. Bwana Tuohy akachoma udi kama alivyofundishwa, vidole vikubwa, udi ukavunjika, akachukua mwingine. Akaitazama picha. Akasema kwa sauti ya chini: "Sorry." Alikuwa anamwambia mzee. Nikasema pole, ile ya wino uliofifia, na safari hii ilikuwa mahali pake.

Kisha akamgeukia mjane, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkeka. Karatasi ya wakili ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa. Hakuifungua. Akazungumza na mkeka.

"Nilitazama chini kwenye ramani," akasema. "Nilikuwa nimepotea njia. Nilipoinua macho alikuwa mbele yangu. Hakufanya kosa lolote. Sorry."

Wakili akakohoa. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kwa namna ambayo mimi tu ningeona.

Mkalimani husema "mimi". Hasemi "yeye anasema alitazama chini". Ndiyo kanuni, na nimeijua tangu chuoni, lakini sijawahi kuitumia kwa mdomo wangu kwenye chumba chenye watu. Nikaweka mikono kwenye mkeka.

"Nilikuwa nimetazama chini," nikasema. "Nilipoinua macho, ilikuwa imeshatokea. Yeye hakukosea. Moshiwake arimasen."

Sauti ilikuwa yangu. Nilisikia kwamba nimesema "ilikuwa imeshatokea" na si "alikuwa mbele yangu". Ni kosa la tafsiri, la kwanza ambalo nimelifanya kwa miaka mingi, na nikalirekebisha hapohapo: "Alikuwa mbele yangu."

Bwana Tuohy alibaki ameinama. Miguu yake mirefu ilikuwa imekunjwa vibaya na ilianza kutetemeka.

Bi Mogami hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Bi Obata. Kasema neno lile mara tatu, sivyo? Sori, sori, sori. Nimesikiliza. Sauti ni ileile. Wewe umesema vitu vitatu mbalimbali."

"Ndiyo."

"Umeongeza vyako?"

"Hapana. Kiingereza kina hilo moja tu. Kijapani inabidi nichague."

"Na umechaguaje?"

"Mlangoni alikuwa anaingia. Kwenye picha alikuwa anaaga. Hapa…" nikasita. "Hapa amesema alichokifanya."

"Kwenye barua hakusema."

"Alisema," nikajibu. "Barua yake ilisema. Tafsiri yangu haikusema."

Wakili akavuta pumzi. Chizuru akamgeukia: "Kumbe!" Mama yake akamwinulia kiganja.

"Muulize," Bi Mogami akaniambia. "Kwao, kama neno ni moja, mtu anajuaje anaombwa radhi au anapewa pole?"

Nikamuuliza. Bwana Tuohy akajibu bila kuinuka, maneno yakizama kwenye mkeka: "Anamtazama usoni."

Nikatafsiri.

"Basi mwambie ainuke," akasema Bi Mogami. "Nusu saa nzima naonyeshwa kisogo."

Akainuka. Uso ulikuwa mwekundu, umelowa, na alama za mkeka kwenye paji. Bi Mogami akasogea mbele kwa magoti mpaka wakawa karibu kama watu wanaocheza karata. Akamtazama. Sijui muda gani. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda la nyuma. Chizuru alianza kulia, kwa hasira, akijifuta kwa mkono wa nguo.

"Nimeona," akasema Bi Mogami.

Bwana Tuohy akanigeukia nimwambie amesema nini. Nikamwambia. Akauliza kama huo ni msamaha.

"Hapana," nikamwambia. "Ni kwamba ameona."

Akatikisa kichwa kukubali. Alipojaribu kusimama miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaangukia mlango wa karatasi na kuutoboa kwa kiwiko. Akasema sorry. Bi Mogami akasema, kabla sijafungua mdomo: "Hiyo nimeielewa."

Barabarani wakili alitembea kando yangu.

"Unajua ulichokifanya, Bi Obata?"

"Nilitafsiri alichokisema."

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo tatizo, siwezi kukulaumu kwa hilo." Hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyechoka, mwenye viatu visivyofaa kwa mvua, na nikagundua kwamba miaka yote hii sikuwahi kumtazama mpaka miguuni.

6 Julai
Siku ya arobaini na tisa ya mzee Mogami. Kengele ya hekalu imesikika mpaka hapa. Bwana Tuohy hakualikwa. Saa nne.

7 Julai
Nimemwambia Mama.

Sikupanga. Tulikuwa tunatoa nyuzi kwenye mboga za mlimani, yeye upande ule wa gazeti tulilotandika, mimi huku. Nikasema: "Mama, Tetsuro aliniita nimshikie ngazi. Nikamwambia angoje nimalize ukurasa." Nikaendelea kutoa nyuzi kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea.

Mama aliacha kufanya kazi.

"Alingoja?"

"Alingoja kidogo."

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta neno kwenye kamusi."

Akasimama. Huwa anahitaji msaada kusimama, leo hakuhitaji. Akaniambia: "Unaniambia leo," akaenda chumbani kwake, akavuta mlango.

8 Julai
Mama hajatoka ila kwenda msalani. Nimemwekea chakula mlangoni. Amekula samaki, ameacha wali.

9 Julai
Hasemi nami. Leo alizima redio nilipoingia.

Tangu Februari kila mtu amekuwa mpole kwangu. Sasa nina mtu mmoja aliyenikasirikia. Usiku wa jana nimelala saa saba nzima.

10 Julai
Chizuru amepiga simu. Mama yake anataka barua nzima, pamoja na iliyokatwa. Nikampigia wakili kuomba ruhusa.

"Mteja ameshaamua kumwambia mwendesha mashtaka habari ya ramani," akasema. "Andika unavyoona, Bi Obata. Mimi kazi yangu sasa ni kumwombea adhabu ndogo, na huenda hiyo barua ndiyo itakayonisaidia. Cheka ukitaka."

Sikucheka, ila nilikuwa karibu.

Nimeitafsiri asubuhi moja. Pole mbili. Samahani moja ya mlangoni, pale anaposema anaomba radhi kwa mwandiko wake. Sita ni lile neno zito, neno lilelile mara sita. Mhariri yeyote angeniambia nizipunguze. Nimeziacha.

13 Julai
Mama amekula mezani. Hajasema kitu. Ameondoka bila kushukuru chakula, mtu ambaye hushukuru hata maji.

15 Julai
Mvua imebomoa ukingo wa mfereji. Wanaume wa kijiji wamekuja na magunia ya mchanga. Bwana Tuohy alikuwa miongoni mwao, anabeba mawili mawili. Hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Aliniinamia kwa mbali. Kesi yake itasikilizwa Septemba.

18 Julai
Mama ameongea. Amesema: "Chumvi." Nikampa chumvi.

21 Julai
Saa sita. Chaza wa mawe kutoka kwa jirani. Mama amekula wanne.

23 Julai
Mvua.

26 Julai
Majira ya mvua yamekwisha. Mlima Chokai umeonekana wote kuanzia asubuhi, na theluji kidogo kwenye mabonde yake.

Nilikuwa nimetoa magodoro kuyaanika. Mama akaja akaketi kwenye kibaraza, miguu ikining'inia, akanitazama nikiyapiga vumbi.

"Njoo," akasema.

Nikaenda nikaketi.

"Tetsuro alikuwa na miaka sitini," akasema. "Tangu ana miaka kumi na miwili anapanda paa hilo. Marehemu baba yake alimwambia mara ngapi usiteremke bila mtu chini? Mtu mzima anaambiwa ngoja, hangoji. Hilo ni lake. Nimelifikiria siku zote hizi na nimempa mwenyewe."

Akanigeukia.

"Lakini wewe. Karibu miezi mitano unanipakulia wali. Unaniambia, 'Mama, kula.' Mimi usiku namuuliza kwenye picha, ilikuwaje mwanangu, ulisema nini mwishoni? Na wewe ulikuwa unajua alisema nini. Ulikuwa unajua sauti yake ya mwisho, ukakaa nayo peke yako!"

Alinipiga begani kwa kiganja. Hakina nguvu, kiganja chake. Akanipiga tena.

"Alisema 'sawa', Mama," nikamwambia. "Nilipomwambia angoje, alisema 'sawa'. Kisha akapiga mluzi."

"Mluzi gani?"

"Ule wake. Usio na wimbo."

Mama akaangalia uani, pale mahali. Midomo yake ikakaza kama anayetaka kuupiga mluzi huo mwenyewe, haukutoka.

Nikashuka kwenye kibaraza nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Nikaomba radhi. Sikutafuta neno lipi linafaa kwa mama mkwe, lipi kwa mkosaji, lipi kwa mtu aliyechelewa. Lilitoka moja, na lilitoka limevunjika, na nilikuwa naona magoti yangu yakilowa na nikahisi baridi yake.

"Ee," akasema Mama.

Tukakaa hivyo. Magodoro yalikuwa yanatoa mvuke juani.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua, Mama."

"Nitakuwa nimekasirika mpaka sikukuu ya Bon mwezi ujao. Tetsuro akirudi nyumbani siku hizo tatu pamoja na wafu wenzake, anikute nimekasirika, ajue kuna mtu aliyemkasirikia mkewe kwa ajili yake."

"Sawa."

"Baada ya Bon tutaona." Akanyoosha mkono nimsaidie kuteremka. "Inuka basi. Umeloa kama mbwa, na kaburi la mumeo halijang'olewa majani."